Utani Usiofika

Kwenye msiba mmoja mjini Songea, siku ya pili ya matanga, mtani wa marehemu aliingia uani na jembe begani. Yeye Mhehe, marehemu Mngoni, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumzuia. Alijilaza mkekani, akajifunika shuka la marehemu hadi kidevuni, akaanza kukoroma kwa mkoromo ule ule ambao mtaa mzima uliujua. Kisha akafumbua jicho moja na kuuliza kama chakula kimeiva. Wanawake waliokuwa wakilia wakaangua kicheko. Mjane naye, macho yamemvimba, alicheka mpaka akajishika mbavu. Kicheko kikageuka kilio, na kilio kikaishia kwenye upindo wa khanga alimopengea kamasi.

Pembeni yake alikaa mdogo wake, fundi cherehani aliyekuja kwa basi kutoka Mbinga. Yeye hakucheka. Hakulia pia. Alimtazama mtani yule kama abiria anavyotazama mvua kwenye kioo cha dirisha. Miezi kadhaa baadaye, alipokwisha pata nafuu, aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Nilimsikia vizuri. Nilijua kabisa anachekesha. Ila kile kicheko hakikunifika."

Wengi wetu tunadhani sonona ni huzuni iliyozidi kipimo, kwamba ukijaza huzuni kwenye kikombe mpaka kikamwagika, kinachomwagika ndiyo sonona. Kwa kipimo hicho mjane ndiye angepaswa kuwa mgonjwa, maana yeye ndiye aliyempoteza mwenzi wa miaka mingi. Lakini mjane alikuwa na huzuni nzito na afya kamili. Mgonjwa alikuwa yule aliyekaa kimya.

Ili tuelewe kwa nini, tuanze mbali kidogo, kwenye kidole kilichoungua.

Ukishika sufuria ya moto, mkono unaruka kabla hujafikiri. Maumivu yamefanya kazi yake. Wapo watu wachache wanaozaliwa wasiweze kuhisi maumivu kabisa, na mtu angedhani wamebarikiwa. Sivyo. Wanajiuma ulimi, wanavunjika mifupa bila kujua, wanakaa juu ya kaa la moto, na wengi wao hawafiki uzeeni. Maumivu yanauma kwa sababu kuuma ndiyo kazi yake.

Huzuni nayo ina kazi. Maumivu ya kidole yanatoa habari za mwili, huzuni inatoa habari za kupoteza: mtu, kazi, heshima, au tumaini ulilolilea miaka mingi. Inakupunguza mwendo usifanye maamuzi ya haraka ukiwa umejeruhiwa. Inarudisha akili kwenye kile kilichopotea, ukipitie upya na kukipanga upya. Na inauandika uso wako ili wengine wasome. Chozi ni mwito. Ndiyo maana mtu akifiwa, kabla jua halijazama, mikeka imeshatandikwa, sufuria kubwa zimeazimwa, na jirani ambaye hamjasalimiana tangu Pasaka anakata vitunguu nyuma ya nyumba.

Ukiitazama huzuni yenye afya kwa karibu, utaona inajua ilichokuja kulilia. Mjane anaweza kukuambia ni nini hasa kinachomuuma: kiti kitupu, mkoromo ambao hautasikika tena. Inakuja kwa mawimbi, inapanda ikimchoma na kushuka akapumua, kisha inapanda tena akikutana na koti nyuma ya mlango. Haimshambulii mwenyewe, anasema "nimempoteza mume wangu", hasemi "mimi ni takataka, bora ningekufa mimi". Tena inaacha mlango wazi kidogo, na kupitia mlango huo mtani aliingia na jembe lake. Wazee waliotuwekea utani msibani walilijua hili bila kusoma kitabu. Walijua kwamba aliyefiwa bado anaweza kucheka, na kwamba anahitaji. Saa nayo iliwekwa: matanga, arobaini, na kwa mjane wa Kiislamu eda ya miezi minne na siku kumi. Huzuni ilipewa barabara ya kupita, na mwisho wa barabara.

Neno lenyewe, huzuni, tumelipata kwenye Kiarabu, *huzn*, na kuna mwanachuoni mmoja aliyelichunguza zamani sana. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikuwa mtu wa Balkh, katika nchi tunayoiita leo Afghanistan. Katika kitabu chake kuhusu afya ya miili na nafsi aliigawa huzuni mafungu mawili: ile ambayo sababu yake inajulikana, na ile inayomshukia mtu bila sababu inayoonekana. Ya kwanza, alisema, inatibiwa kwa maneno na fikra. Ya pili aliihusisha na hali ya mwili, akataka mwili nao utibiwe. Sayansi ya leo haikubali mstari wake kama alivyouchora, kwa kuwa sonona nyingi huanza baada ya pigo linalojulikana, talaka au kufukuzwa kazi. Hata hivyo, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mtu huyu aliona kwamba neno moja limebeba vitu viwili.

Kiswahili cha hospitali kimekipa kile cha pili jina la sonona, neno la ukoo mmoja na kusononeka. Kenya wapo wanaoandika unyogovu. Mitaani tunasema mtu "ana mawazo", na usemi huo si wetu peke yetu: Washona wa Zimbabwe wana neno lao, *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi.

Nirudi kwa yule fundi. Kabla ya msiba ule alikuwa na wiki tano hivi za kuamka saa kumi usiku na kulitazama dari mpaka kuche. Sare za shule zilirundikana juu ya cherehani, Januari ikaingia, wazazi wakaja kuzidai. Alizitazama kana kwamba ni za mtu mwingine. Mchuzi haukuwa na ladha, akaacha kula, gauni likamlegea kiunoni. Akawa anasahau vipimo alivyoandika mwenyewe. Mumewe alimtengea ndoo ya maji ya kuoga kila jioni. Siku moja alimkuta amesimama mbele ya ndoo, kopo mkononi, maji yamepoa. Alikuwa amesimama pale karibu nusu saa. Si kwamba hakutaka kuoga. Alilijua tendo la kuchota maji na kujimwagia, ila kile kinachosukuma mkono kuanza hakikuwepo. Usiku alijilaumu kwa hayo yote, akajiita mzigo kwa watoto wake, na mara mbili akawaza kwamba wangepumzika asingekuwepo.

Hapo mna karibu dalili zote ambazo madaktari huzitafuta, nazo ni tisa: moyo kushuka, kukosa hamu na raha ya mambo yote, usingizi kuharibika, hamu ya chakula au uzito kubadilika, mwili kuzubaa au kuhangaika, uchovu, kujilaumu kupita kiasi, akili kushindwa kutulia, na mawazo ya kifo. Zikiwepo tano au zaidi, mojawapo ikiwa kati ya zile mbili za mwanzo, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na zikamvuruga mtu katika maisha yake, daktari anasema hii ni sonona. Ipo karatasi ya maswali 9 inayotumika duniani kote, na Kiswahili chake kipo. Kila jibu linapewa alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa ni 27, na anayefikisha 10 anahitaji kuonwa kwa makini. Karatasi hiyo haitoi hukumu. Inabisha hodi tu.

Kwa nini wiki 2, na si siku 9 au siku 20? Jibu la kweli ni kwamba mstari huo umechorwa na watu, kama tunavyochora mstari wa homa kwenye kipimajoto. Umechorwa hapo kwa sababu huzuni ya kawaida, hata iliyo nzito, mara nyingi haikai siku kumi na nne bila wimbi kushuka hata mara moja.

Wengi hawaji zahanati wakisema wana huzuni. Wanakuja na kichwa kinachogonga, mgongo, moyo kwenda mbio, mwili hauna nguvu. Wanapimwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena. Hawadanganyi. Mwili unauma kweli, kwa sababu sonona ni ugonjwa wa mwili pia.

Sasa tuingie ndani ya kichwa, tuone kwa nini kicheko hakikufika.

Ubongo una njia moja ya hamu na nyingine ya raha. Hamu ndiyo inayokunyanyua kitini kwenda kwenye chungu. Raha ni kile unachokionja ulimini. Ndani kabisa ya shina la ubongo kuna seli zinazotoa kemikali iitwayo dopamini, na Wolfram Schultz, aliyekuwa akichunguza nyani huko Uswisi, alionyesha jambo la ajabu kuzihusu. Nyani alipozoea kwamba taa ikiwaka atapewa sharubati, seli zake ziliacha kushtuka kwa sharubati zikaanza kushtuka kwa taa. Yaani hutangaza jema kabla halijafika. Tangazo hilo ndilo linalousukuma mkono wenye kopo kuelekea kwenye ndoo. Katika sonona tangazo hufifia. Taa inawaka, mtu anaiona, anajua maana yake, na hakuna kinachonyanyuka. Kwa hiyo mnaposema "jikaze", mnaziamsha nguvu mkidhani zimelala, kumbe nguvu zenyewe ndizo zinazougua.

Kuna njia nyingine inayohusika, ile ya hatari. Ukikutana na nyoka njiani, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi inaiamuru tezi ya pituitari, nayo inaziamuru tezi zilizokaa juu ya figo, na hizo zinamwaga kotisoli damuni. Kotisoli inainua sukari na kukuweka macho, tayari kukimbia. Nyoka akipita, kotisoli yenyewe inarudi ubongoni na kusema inatosha, na bomba linafungwa. Kwa wagonjwa wengi wa sonona kali breki hiyo imelegea, na bomba linaendelea kuvuja usiku na mchana. Nyoka wa siku hizi naye hapiti: ni kodi ya nyumba, ni mume anayepiga, ni deni la kikoba. Kotisoli nyingi kwa muda mrefu inaiumiza hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu ambayo ni miongoni mwa zile zinazopaswa kukanyaga breki. Kwa watu waliougua sonona mara nyingi, picha za ubongo huonyesha hipokampasi iliyo ndogo kidogo kuliko ya wenzao.

Halafu kuna kuku. Umewahi kumwona kuku mgonjwa? Anajitenga na wenzake, manyoya yamesimama, hafikii punje, anafumba macho mchana. Vijidudu havikumfanyia hivyo moja kwa moja. Kinga ya mwili wake imetuma ujumbe ubongoni: kaa chini, usitembee, usipoteze nguvu, ngoja tupigane. Binadamu tunao ujumbe huo huo. Ndiyo maana ukiwa na homa hutaki kuongea na mtu. Sasa, kabla ya dawa mpya za homa ya ini aina ya C, wagonjwa walichomwa sindano za interferoni, ambayo ni mojawapo ya jumbe hizo za kinga. Takriban robo yao walipata sonona wakiwa kwenye tiba, watu ambao wengine hawakuwahi kuwa nayo maishani. Kila nikiufikiria ushahidi huu nashindwa kuelewa jinsi mtu anavyoweza kuuita ugonjwa huu uvivu au imani haba. Sindano haimpunguzii mtu imani.

Hadithi ya dawa ina funzo la namna yake. Mwaka 1952, katika hospitali ya kifua kikuu ya Sea View, New York, madaktari walijaribu dawa mpya iitwayo iproniazidi. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri kufa walianza kutabasamu na kucheza kwenye korido. Miaka michache baadaye, katika hospitali ya Münsterlingen nchini Uswisi, Roland Kuhn akaona imipramini ikiwainua wagonjwa wa sonona. Dawa zote mbili zilitengenezwa kwa kazi nyingine. Zilipochunguzwa zikaonekana zinaongeza kemikali kadhaa katikati ya seli za ubongo, mojawapo serotonini, na ndipo likazaliwa wazo kwamba sonona ni upungufu wa kemikali hizo. Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ilisafirisha wazo hilo dunia nzima.

Lakini wazo hilo lina tatizo ambalo mtu yeyote anaweza kuliona. Dawa inapandisha serotonini ndani ya saa chache. Mgonjwa anapata nafuu baada ya wiki 2, 4, hata 6. Kama kasoro ingekuwa upungufu tu, nafuu ingekuja jioni ile ile, kama maji yanavyomaliza kiu. Mwaka 2022 watafiti waliopitia miongo ya tafiti hawakupata ushahidi thabiti kwamba wenye sonona wana serotonini pungufu. Wapo waliosoma habari hiyo wakatupa vidonge vyao, na hilo lilikuwa kosa la hatari. Dawa hizi huwasaidia wengi, hasa ambao ugonjwa wao ni mkali. Kinachoelekea kutokea ni kwamba kemikali inafungua mlango tu, kisha seli zenyewe zinachukua wiki kadhaa kuotesha miunganiko mipya, kama mche unavyochukua muda hata ukimwagiliwa leo. Kwa hiyo usikate dozi katikati, wala usimpe jirani vidonge vyako. Mweleze daktari kama umewahi kuwa na siku za furaha ya kupitiliza, bila usingizi na bila kuchoka, kwa sababu huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine, na dawa hizi zikitumiwa peke yake huweza kuuchochea.

Urithi nao una sehemu yake. Mama yao mjane na yule fundi aliwahi "kukaa kimya" msimu mzima wa kahawa, walipokuwa wadogo. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba takriban asilimia 37 ya tofauti kati ya watu katika kupata sonona inatokana na urithi. Hiyo haina maana kwamba mama akiugua lazima bintiye augue. Mabinti wawili wa tumbo moja walikaa kwenye mkeka mmoja, mmoja mgonjwa na mwingine mzima.

Tiba ya maneno je? Hapa nataka kuwapeleka Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, nchi iliyopigwa na UKIMWI mapema kuliko karibu kila mahali. Paul Bolton na wenzake hawakuanza na karatasi za Marekani. Waliwauliza wanavijiji matatizo yao kwa Kiganda, wakapewa majina mawili: *yo'kwekyawa*, kujichukia, na *okwekubazida*, kujihurumia. Dalili walizotajiwa zililingana sana na sonona. Kisha wakachukua vijiji 30, wakapiga kura vipi vipate tiba ya vikundi na vipi viendelee kama kawaida. Vikundi vilikutana dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili tu. Hawakuchimba utoto wa mtu. Waliongea juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, na wiki iliyofuata kila mmoja aliulizwa amejaribu nini.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwanzoni karibu wote katika pande zote mbili walikuwa na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Mwishoni, upande usiopata vikundi walibaki asilimia 54.7. Upande wa vikundi walibaki asilimia 6.5.

Zimbabwe nao, tangu mwaka 2006, wana mabibi wanaokaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na mpango huo umefika mpaka Zanzibar. Tiba nyingi za maneno hutumia jambo moja linaloenda kinyume na tulivyozoea kufikiri. Tumezoea kwamba hamu huja kwanza, kitendo kikafuata. Kwa mwenye sonona utaratibu unageuzwa: kitendo kidogo kinatangulia, bila kungoja hamu, kopo moja la maji na si ndoo nzima, na ubongo unafundishwa upya kuiitikia taa. Ndiyo maana inahitaji mtu wa kukaa naye. Peke yake asingeanza.

Yule fundi alipata vyote viwili, vidonge na mtu wa kuongea naye kila Alhamisi. Nilimuuliza alijuaje kwamba anapona. Sikutarajia jibu lake. Wiki ya tano ya tiba, alisema, binti yake alipika mchuzi wenye chumvi nyingi, naye akakasirika. Alikaa na ile hasira mdomoni akiishangaa, kisha akalia kwa furaha mbele ya watoto. Chumvi ilikuwa imefika.

Wewe unayesoma haya, kama unamjua mtu ambaye utani haumfiki tena, nenda ukakae naye. Usianze na mawaidha. Muulize wazi kama amewahi kuwaza kufa. Swali hilo halimpandikizi wazo hilo, na wengi hushukuru kwamba kuna aliyethubutu. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, toa nyumbani sumu za wadudu na vidonge vilivyorundikana, umsindikize hospitali siku hiyo hiyo. Na kama ni wewe mwenyewe, ukifika zahanati usiishie kusema kichwa kinauma. Mwambie daktari ni wiki ngapi sasa, unaamka saa ngapi usiku, na ni lini mara ya mwisho kitu chochote kilikufurahisha. Kama huna nguvu ya kuyasema, yaandike kwenye karatasi, umpe mezani.